Fractal Design Terra: kasha dogo la alumini kwa kompyuta ya nyumba ya pwani

Terra ni kasha la kompyuta lililotolewa mwaka 2023 na Fractal Design, kampuni ya Uswidi yenye makao yake mjini Gothenburg. Lina urefu wa milimita 343, upana wa milimita 153 na kimo cha milimita 218, na kampuni yenyewe inataja ujazo wa lita 10.4, bila kuhesabu miguu na sehemu zinazochomoza. Makasha ya kawaida ya mnara tunayoyazoea madukani huwa na lita 40 hadi 50, kwa hiyo tunazungumzia robo ya nafasi hiyo au hata chini yake, na bado ndani ya robo hiyo inaingia kadi ya picha, kifaa kinachochora michezo na video kwenye skrini, yenye urefu wa hadi milimita 322. Paneli zake za nje ni za alumini iliyowekewa utando mgumu kwa njia ya umeme, kiunzi cha ndani ni cha chuma, na uso wake wa mbele umepambwa kwa kipande cha mti wa jozi.

Nimelijengea kompyuta ya nyumbani hapa Dar es Salaam, kompyuta ya kuhariri picha na video fupi wakati wa kazi na ya kucheza michezo wakati wa mapumziko, na hukumu yangu naiweka mapema ili anayetafuta jibu la haraka asilazimike kungoja. Kwa mtu anayehitaji kadi ya picha, na anayeishi mahali penye joto na hewa ya chumvi, hili ni miongoni mwa makasha madogo yanayostahili bei yake, mradi akubali kuchagua vifaa vya ndani kwa rula na si kwa tamaa. Asiyehitaji kadi ya picha hana sababu ya kulinunua, na anayeishi mbali na bahari anapaswa kufikiri mara mbili. Sababu za yote mawili nitazieleza.

Udogo wa makasha ya aina hii unaanzia kwenye mazabodi, lile bamba kuu linalobeba prosesa na kuunganisha vifaa vyote. Mini-ITX, kipimo kilichoasisiwa na VIA Technologies ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170 kila upande, ilhali ATX, iliyoletwa na Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. Katika kupunguza huko kuna vitu vilivyoachwa, na mnunuzi anapaswa kuvijua kabla ya kutoa fedha: karibu mazabodi zote za Mini-ITX za kompyuta za nyumbani zina nafasi mbili tu za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, na tundu moja tu la PCIe, ambalo kadi ya picha huchomekwa. Maana yake ni kwamba mtindo wetu wa kununua RAM kidogo leo na kuongeza nyingine mwakani haufanyi kazi vizuri hapa, kwa sababu anayejaza nafasi zote mbili kwa vipande vidogo atalazimika kuvitoa vyote siku atakapotaka zaidi. Ni afadhali kununua mara moja kiasi kitakachotosha kwa miaka kadhaa. Pawasaplai, kifaa cha ndani kinachovigawia vifaa vingine umeme, nayo inabadilika. Terra linapokea aina ndogo ya SFX, yenye upana wa milimita 125, kimo cha milimita 63.5 na kina cha milimita 100, au SFX-L ambayo kina chake hufika milimita 130. Pawasaplai za ATX zinazojaza rafu za maduka ya Kariakoo zina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, na haziingii kabisa, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa hiyo bajeti ya kasha hili lazima ihesabiwe pamoja na pawasaplai ya kuagiza, ambayo kwa kawaida huwa ghali kuliko ya ATX yenye nguvu ileile.

Jambo linalolitofautisha Terra na wenzake ni ukuta wake wa kati. Ndani, kasha limegawanywa katika vyumba viwili vilivyosimama ubavu kwa ubavu: upande mmoja hukaa mazabodi na pawasaplai, upande wa pili hukaa kadi ya picha peke yake, nayo huunganishwa na mazabodi kwa kebo bapa inayokuja pamoja na kasha. Mpangilio huo si mgeni. Ulipata umaarufu kupitia DAN A4-SFX, kasha la lita 7.2 lililobuniwa Ujerumani na kuchangiwa na wanunuzi kupitia Kickstarter mwaka 2016. Kilichoongezwa na Fractal ni kwamba ukuta unaotenganisha vyumba viwili unaweza kusogezwa. Ukisogezwa upande mmoja, hitisinki ya prosesa, yaani kipoza cha metali kinachokaa juu ya ubongo wa kompyuta, inaruhusiwa kimo cha milimita 77 na kadi ya picha inabaki na unene wa milimita 43; ukisogezwa upande mwingine hadi mwisho, kadi inapata milimita 72 na hitisinki inabaki na 48. Ukijumlisha, kila mara unapata 120. Hiyo ndiyo namba ya kukariri, kwa sababu kila uamuzi mwingine unatoka humo: milimita unayoipa kadi umeinyang'anya prosesa.

Tuchukue mifano halisi. GeForce RTX 4070 ya toleo la NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 244 na inachukua nafasi mbili za nyuma ya kasha, yaani unene wa takriban milimita 40, na hutumia wati 200. Ukiwa na kadi kama hiyo, ukuta unasogezwa hadi mwisho upande wa kadi na hitisinki inapata milimita 77 kamili; Noctua NH-L12S yenye kimo cha milimita 70 inaingia bila matatizo, na tofauti yake na hitisinki fupi husikika masikioni, kwa kuwa feni kubwa inayozunguka polepole hutoa sauti ndogo kuliko feni nyembamba inayozunguka kwa kasi. Ukipenda kadi nene ya nafasi tatu, yenye milimita 60 au zaidi, prosesa inabaki na milimita 60 au chini yake, na hapo unarudi kwenye hitisinki kama Thermalright AXP90-X47 yenye milimita 47 au Noctua NH-L9a yenye milimita 37. Wanaounda kadi za RTX 4060, ambayo hutumia wati 115 tu, mara nyingi huzifunga kwenye hitisinki kubwa kuliko mahitaji yake kwa ajili ya mwonekano. Kwenye kasha la mnara unene huo haumsumbui mtu, lakini hapa mnunuzi anaulipia kwa joto la prosesa, kwa hiyo anapaswa kusoma unene wa kadi katika karatasi ya vipimo ya mtengenezaji kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Aangalie pia upana wa kadi na mahali waya wa umeme unapochomekwa, maana waya huo unahitaji nafasi ya kujikunja kabla ya kugusa paneli.

Hesabu hii ina uzito wa pekee katika hali ya hewa yetu. Joto la prosesa hupanda karibu sawasawa na joto la chumba: hewa inayoingia ikiwa na nyuzi kumi zaidi, prosesa nayo, kwa kazi ileile na feni ileile, itakuwa na nyuzi kumi zaidi au karibu na hapo. Majaribio mengi tunayoyasoma hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Msimu wa kaskazi, sebule ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa isiyo na kiyoyozi hupita nyuzi 30 bila shida. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 za AMD zimewekewa kikomo cha nyuzi 95. Katika chumba cha nyuzi 22 kuna nyuzi 73 kati ya hewa na kikomo hicho. Katika chumba cha nyuzi 32 zinabaki 63. Tofauti hiyo haiiunguzi kompyuta, kwa sababu prosesa hujipunguzia kasi yenyewe inapofika kikomo, lakini inamaanisha kwamba matokeo unayoyasoma kutoka Ulaya si matokeo utakayoyapata Ilala.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya vifaa vya ndani ni wa tahadhari, nami nausimamia. Prosesa iwe ya daraja la wati 65, kama Ryzen 5 7600 au Ryzen 7 7700, ambazo hata zikifanya kazi kwa nguvu zote hazipiti takriban wati 88. Ryzen 9 7950X inaruhusiwa kufika wati 230, na Core i9-14900K inaruhusiwa 253. Hizo ni prosesa nzuri, lakini hitisinki ya milimita 70 katika hewa ya nyuzi 32 haiwezi kuzihudumia, na anayezinunua kwa ajili ya kasha hili analipia kasi ambayo hataiona. Kadi ya picha iwe kati ya wati 115 na 200. Kompyuta ya namna hiyo, yaani prosesa ya wati 88, kadi ya wati 115 na vifaa vidogo vingine, hutumia chini ya wati 300 ikiwa imezidiwa na kazi, hivyo pawasaplai ya SFX ya wati 600 inatosha na kubakiza, na hata UPS ya wastani inaweza kuishikilia kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuizima salama umeme unapokatika. Faida hiyo ya mwisho haitajwi katika tathmini za nje, lakini kwetu ni sehemu ya hesabu ya kila siku.

Upande wa kupoza, Terra linasaidia kwa namna ambayo picha haziionyeshi vizuri. Paneli mbili za ubavuni zina vitundu vingi, na kwa kuwa kadi na hitisinki zimeelekezwa nje, kila moja huvuta hewa safi moja kwa moja kutoka chumbani badala ya kugawana hewa iliyokwisha kupashwa joto na nyingine. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu. Chini kuna nafasi ya feni moja ya milimita 120, ambayo haiji na kasha. Ninaipendekeza kwa mtu wa pwani kila inapowezekana, ingawa ni lazima kwanza apime kama kadi yake itaiachia nafasi. Kasha pia halitakiwi kusukumwa hadi ukutani wala kubanwa kati ya vitabu, kwa sababu mapafu yake yako mbavuni. Nimeliona limewekwa ndani ya kabati la televisheni, na mahali hapo linapoteza kila kitu lilichojengewa.

Sasa tuje kwenye alumini yenyewe, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei na ndiyo inayosemewa mengi yasiyo ya kweli. Wauzaji hupenda kusema kwamba kasha la alumini hupoza kompyuta. Ni kweli kwamba alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma cha kawaida, lakini ubora huo hufanya kazi pale tu kitu chenye joto kinapogusana na ukuta wa kasha. Katika Terra, kama katika makasha mengi, prosesa haigusi ukuta. Joto lake hubebwa na hewa inayopita kwenye vitundu, na hewa haibagui kitundu cha alumini na kitundu cha chuma. Anayetaka kuona alumini ikifanya kazi ya kupoza kwa kweli aangalie makasha ya Streacom ya Uholanzi, kwa mfano FC8 au DB4, ambayo hayana feni kabisa: mabomba ya shaba hutoka juu ya prosesa na kulala kwenye ukuta mnene wa alumini wenye mapezi, na ukuta mzima ndio hitisinki, kwa prosesa za hadi wati 65 hivi. Kwa mtu anayetaka kompyuta ya kimya isiyonyonya vumbi, hilo ni chaguo la heshima. Lakini halina uhusiano na bati jembamba la nje la makasha mengine.

Faida halisi ya alumini kwa msomaji wa pwani ni kutu. Chuma cha makasha ya bei nafuu hupakwa zinki na rangi, lakini kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu hubaki wazi au hukwaruzwa siku ya kwanza ya kufunga vifaa, na hapo ndipo hewa ya chumvi inapoanzia. Yeyote aliyefungua kompyuta ya zamani Zanzibar, Bagamoyo au Malindi anaujua ule unga wa kahawia pembezoni mwa paneli na zile skrubu zinazokatika zikilazimishwa. Alumini haifanyi kutu ya namna hiyo. Hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando uliowekwa kiwandani kwa umeme ni mnene zaidi na ni sehemu ya metali yenyewe, si rangi inayobanduka. Uzito pia unapungua, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7 na ya chuma ina karibu gramu 7.8. Hata hivyo alumini ina adui yake, naye ni skrubu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana katika unyevu wenye chumvi, ile dhaifu huliwa, na katika jozi hii inayoliwa ni alumini: huota unga mweupe kuzunguka skrubu. Dawa ni rahisi na inafaa kufanywa: kuifuta miungano kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, kutoiacha kompyuta karibu na dirisha linaloelekea baharini, na kubadilisha skrubu yoyote iliyoanza kubadilika rangi. Kiunzi cha ndani cha Terra, kama nilivyosema, ni cha chuma, kwa hiyo kinga ya alumini ni ya ganda la nje tu, na mwenye kasha asijidanganye kwamba amemalizana na kutu.

Kuna suala jingine la makasha ya metali ambalo linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu nimesikia watu wengi wakilalamika kwamba kompyuta yao mpya inapiga shoti na kudhani wameuziwa kifaa kibovu. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha waya mbili za umeme na mwili wa metali, kwa ajili ya kuchuja vurugu za umeme zisisambae kwenye vifaa vingine. Nyumba ikiwa na waya wa ethi ulio mzima, mkondo mdogo sana unaopita kwenye kapasita hizo huishia ardhini na hakuna anayeuhisi. Waya huo usipokuwepo, au kompyuta ikichomekwa kupitia adapta ya pini mbili, mwili wa kasha unaweza kukaa kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, yaani karibu 115 kwa umeme wetu wa 230. Mkondo wake ni mdogo mno, lakini mtu aliye peku sakafuni atahisi mchonyoto anapogusa skrubu, mdomo wa USB au mahali palipokwaruzika. Utando wa nje wa alumini haupitishi umeme, ndiyo maana mchonyoto huja hapa na kukosekana pale, jambo linalowachanganya watu zaidi. Kasha halina kosa, na kulibadilisha hakutasaidia. Kinachohitajika ni fundi umeme aliyesajiliwa kupima ethi ya nyumba. Hili si jambo la kuahirisha, kwa kuwa ethi hiyohiyo ndiyo inayotegemewa siku pawasaplai itakapoharibika kweli na kuuachia umeme kamili kwenye metali. Kwa maoni yangu, fedha za kupima ethi ziwekwe katika bajeti kabla ya fedha za kasha.

Vumbi ni udhaifu wa Terra. Vitundu vyake havina vichujio, na katika nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, mapezi ya hitisinki huziba haraka kuliko inavyopendeza. Kinachofariji ni kwamba kulisafisha ni kazi nyepesi: paneli za pembeni huchomolewa juu na kufunguka kama milango inayoangukia nje, bila bisibisi, na zinaweza kuondolewa kabisa, hivyo pande zote mbili za kompyuta zinakuwa wazi kwa brashi laini na kipulizia hewa. Ushike feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke. Nadhani urahisi huo ndio unaonifanya nivumilie kukosekana kwa vichujio, ingawa ningependa toleo lijalo liwe navyo. Kuhusu waifai, metali yoyote huzuia mawimbi, kwa hiyo antena za mazabodi lazima zifungwe nyuma kwa nje. Anayenunua mazabodi isiyo na waifai kwa mpango wa kuchomeka kifaa kidogo cha USB ajue kwamba kikikaa nyuma ya kasha kitapokea mawimbi dhaifu. Mbele kuna tundu moja la USB-A na moja la USB-C, basi. Tundu la spika za masikioni halipo, na anayetumia za waya atazichomeka nyuma ya mazabodi.

Kujenga ndani yake kunahitaji subira na mpangilio. Hitisinki, RAM na diski ya M.2, ile ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, zifungwe kwenye mazabodi ikiwa bado mezani, kwa sababu zikishaingia ndani mikono haitoshi. Ukuta wa kati upangwe kabla ya kitu chochote kufungwa, kwa kuwa kuusogeza baadaye ni sawa na kuanza upya. Pawasaplai yenye waya zinazochomoka ni ya lazima kwa maoni yangu; waya usiotumika hauna mahali pa kufichwa, na kila waya uliolala mbele ya vitundu unazuia hewa. Diski za inchi 2.5 zina nafasi mbili, lakini mtu akiweza kuridhika na M.2 peke yake atakuwa amejipunguzia waya nne na fujo nyingi.

Kebo ya kadi inayokuja na Terra ni ya PCIe 4.0, na inafanya kazi ipasavyo na kadi za kizazi hicho. Kadi mpya za RTX 50 ni za PCIe 5.0, na mazabodi ikijaribu kuongea nazo kwa kasi ya 5.0 kupitia kebo ya 4.0, skrini inaweza kukataa kuwaka au kukatikakatika. Kabla ya kuilaumu kadi, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, ukiwa na skrini imechomekwa kwenye mazabodi, na uchague 4.0 kwa mkono badala ya kuiachia mashine ichague. Upotevu wa kasi katika michezo ni mdogo kiasi kwamba hautauona. Hii ni sababu mojawapo ya kupendelea prosesa yenye picha zake za ndani, hata kama una kadi: bila hiyo huna njia ya kuiona BIOS pale kadi inapogoma.

Washindani wapo, na baadhi yao wanafaa zaidi kwa watu fulani. Kwa asiyehitaji kadi ya picha, mtu wa kazi za ofisi, masomo ya watoto na filamu, InWin Chopin lenye ganda la alumini na chuma lina lita 3.3 tu, linakuja na pawasaplai yake ndogo ya wati 150, na likifungwa prosesa kama Ryzen 7 8700G ya mwaka 2024, yenye wati 65 na picha za ndani zenye nguvu ya kuridhisha, pamoja na hitisinki ya milimita 37, litatosheleza mahitaji ya nyumba nzima. Terra kwa mtu huyo ni chumba kitupu alicholipia. Anayetaka prosesa kubwa kwa ajili ya kazi nzito za video aliangalie Lian Li A4-H2O, lenye lita 11, ambalo linapokea kipoza maji cha milimita 240 na kadi ya milimita 322. Lian Li ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyotengeneza pia DAN A4-SFX na NCASE M1, kasha la lita 12.6 hivi lililochangiwa na wanunuzi mwaka 2013 na kuonyesha kwamba soko la makasha madogo ya alumini lipo. FormD T1, lenye lita 9.95, ni kazi safi sana ya uchongaji, lakini huja vipande vipande na mnunuzi hulikusanya mwenyewe skrubu kwa skrubu. Simpendekezei mjenzi wa mara ya kwanza.

Na kwa wale wa bara, Dodoma, Arusha, Nairobi au Kampala, ambako chumvi ya baharini haipo na usiku una ubaridi, kuna Cooler Master NR200. Ni la chuma, lina lita 18.25, linapokea hitisinki ya hadi milimita 155 na kadi ya milimita 330, lina vichujio vya vumbi, na lilipotoka mwaka 2020 bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ambayo Terra lilitoka nayo, yaani takriban dola 180. Ni kubwa zaidi, lakini bado ni dogo kuliko mnara wowote, na tofauti ya fedha ikiwekwa kwenye kadi ya picha italeta faida inayoonekana kwenye skrini. Nje ya ukanda wa pwani siwezi kumshawishi mtu kwamba ganda la alumini lina thamani hiyo, isipokuwa kama analipenda umbo lake, na hilo nalo ni haki yake.

Kwa aliyeamua kununua Terra, njia ya kawaida ni kuagiza Dubai au kumtumia ndugu anayesafiri, na udogo wake ni msaada mkubwa hapo, kwa kuwa likitolewa kwenye boksi lake na kufungwa vizuri kwa nguo linaingia katika sanduku la safari bila kulijaza. Aombe paneli zifungwe moja moja kwa kitambaa, kwa sababu alumini laini hukunjika pembeni kirahisi na paneli iliyopinda haikai tena sawasawa kwenye vishikizo vyake. Ahakikishe kabla ya kuondoka dukani kwamba kebo ya PCIe, kebo fupi ya umeme ya ndani na pakiti ya skrubu vimo, maana vitu hivyo havipatikani kwa urahisi hapa. Rangi ziko tatu: fedha, kijivu cha giza na kijani. Kijivu cha giza huonyesha kila chembe ya vumbi na kila alama ya kidole chenye jasho. Ya fedha ndiyo inayositiri zaidi, na ndiyo niliyoichagua.